Kabla hujaifungua stata: ya vijiweni na ya kwenye mita

Gari likigoma kuwaka mjini Malindi, hukumu hutoka kabla hata boneti halijafunguliwa: stata (mota inayozungusha injini ianze) imekufa, nunua nyingine. Mita ya volti na mtu mmoja wa kukuzungushia ufunguo vinatosha kujua kama ni kweli. Weka gia huru, vuta handibreki, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli ili injini isiwake, kisha anza.

“Taa zinawaka vizuri, betri ni nzima.”
Taa mbili za mbele za wati 55 hula ampea 9 hivi. Stata ya injini ndogo ya petroli hudai 100 hadi 200, na ya dizeli huzidi hapo. Betri iliyochoka hubeba mzigo wa taa bila shida ikaanguka kwa wa stata. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Stata ikizungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka, chaji betri upime tena kabla ya kulaumu kitu kingine.

“Ikilia ‘ta!’ tu, imeungua.”
Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Sikiliza kwanza inalia vipi. Ta-ta-ta-ta ya haraka maana yake umeme ni mdogo: solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) inavuta, mota inaumeza umeme wote, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, halafu inavuta tena. Stata yenyewe yaweza kuwa haina kosa.

“Ta” moja nzito ni habari nyingine: solenoidi imevuta, ila umeme haukufika kwenye mota, au umefika na mota haizunguki. Pwani anza na waya. Kusi ikivuma huleta chumvi mpaka ndani ya boneti, na magari yanayoshinda kwenye mashamba ya chumvi ya Ngomeni na Gongoni huumia zaidi. Waya mnene huonekana mzima kwa nje, kumbe shaba chini ya mpira imeshakuwa kijani.

Gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri yenyewe, si kwenye tamino (kibano cha waya), na nyingine kwenye bolti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri (huitwa 30). Mwenzio apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, umeme unapotea njiani. Rudia kutoka nguzo hasi hadi mwili wa stata. Hapo ikizidi 0.3, fungua ethi (waya hasi unaofungwa kwenye mwili wa gari), kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu.

Waya zikiwa safi, pima kati ya bolti mbili kubwa za solenoidi wakati wa kupiga. Ikilia “ta” na mita ikabaki karibu na volti za betri, shaba za ndani zinazounganisha bolti hizo zimeliwa. Kwenye stata nyingi za Toyota shaba hizo hubadilishwa peke yake, na fundi anayekuuzia stata nzima kwa sababu hiyo anakuonea.

“Ukiigonga nyundo ikawaka, imepona.”
Umezisogeza tu kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu ya mota inayozunguka) zilizoisha zikagusa tena. Kaboni mpya za stata nyingi ndogo huwa na milimita 14 hadi 16. Zikikaribia 9, badilisha. Stata yenye sumaku za kudumu ukiigonga sana sumaku hupasuka, na hapo kweli utanunua nyingine.

“Ikiwa kimya kabisa, basi imekwisha.”
Pima waya mwembamba wa solenoidi (huitwa 50) ufunguo ukiwa umeshikiliwa. Hakuna volti? Tafuta kwenye fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo, na kwa otomatiki swichi ya gia: jaribu kuwasha kwenye N.

Ikizunguka kwa mlio mwembamba bila kuisukuma injini, klachi ya pinioni (gia ndogo ya stata) inateleza. Ikisaga, kagua meno ya flaiwili (gurudumu la injini ambalo pinioni hulisukuma).

“Ioshe yote kwa petroli.”
Usiichovye. Petroli hutoa grisi iliyofungiwa ndani ya klachi ya pinioni, na huharibu vanishi ya amecha (sehemu ya mota inayozunguka). Tumia brashi kavu na kitambaa.

Ukiitoa, anza kwa kuondoa waya hasi wa betri. Ibane kwenye jiriwa, kwa sababu huruka ikianza. Hasi ya betri kwenye mwili, chanya kwenye 30, kisha gusisha chanya kwenye 50, isizidi sekunde 5. Pinioni itoke ghafla na mota izunguke bila kukwaruza. Stata nyingi za Toyota zenye gia za kupunguza kasi hutakiwa kula ampea 90 au chini ya hapo, kwa volti 11.5, zikizunguka bila mzigo. Ikila zaidi na kuzunguka polepole, bushi (zinazoshika mhimili) zimelika au amecha inagusa. Jaribio hilo lifanyiwe na stata ya mtumba, papo hapo dukani kabla hujalipa.