Maumivu ya katikati ya mwezi si lazima uvimbe umerudi

Wanawake wengi waliotolewa uvimbe kwenye ovari huingiwa na hofu wakisikia kichomi upande mmoja wa tumbo la chini: "Umerudi tena!" Mara nyingi sivyo. Upasuaji wa kuondoa uvimbe peke yake huiacha ovari mahali pake, nayo huendelea kupevusha mayai. Kabla yai halijatoka, kifuko chake hujaa maji na kufikia milimita 20 hivi, kisha hupasuka. Ndiyo maana ultrasaundi ya siku hizo inaweza kuonyesha "kivimbe" ambacho ni kazi ya kawaida ya mwili. (Afadhali kipimo kirudiwe baada ya hedhi kuliko kukimbilia kisu.)

Angalia kalenda. Maumivu ya yai linapotoka huja kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na huisha ndani ya dakika chache hadi siku mbili. Chupa ya maji ya moto na parasetamoli huwatosha wengi. Ibuprofeni husaidia pia, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, na anayetafuta mimba amuulize daktari kwanza. Yakisumbua kila mwezi, vidonge vya majira huzuia yai kutoka.

Yakidumu mwezi mzima, huenda ni makovu ya ndani au endometriosisi (tishu kama ya ukuta wa ndani wa kizazi inayoota nje yake), ambayo kweli hurudi. Ila maumivu makali ya ghafla, kutapika, homa, kuzimia au hedhi iliyochelewa, nenda hospitali siku hiyohiyo: ovari inaweza kujisokota, au mimba imetunga nje ya kizazi.