Bafa ndogo haiboreshi sauti

Wengi wanaorekodi kwa kompyuta bado wanaamini kwamba ukipunguza bafa, sauti inakuwa safi zaidi. Sivyo. Bafa ni akiba fupi ya sauti inayoipa prosesa muda wa kufanya hesabu zake. Ukubwa wake hubadilisha ucheleweshaji, yaani muda unaopita kabla sauti haijakufikia masikioni, si ubora. Kwa kasi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 hubeba takriban milisekunde 2.7 za sauti, ya 1,024 takriban 21. Mwimbaji anayejisikiliza kupitia programu atasumbuliwa sana na hizo 21, kwa hiyo wakati wa kurekodi ishushe. Ila ukiishusha kupita uwezo wa kompyuta, sauti hukatikakatika, na hapo ndipo rekodi huharibika kweli. Unapochanganya wimbo, ipandishe bila hofu: faili lako halipotezi chochote.