Ujerumani haikuanza kututawala Berlin

Wengi tulikariri shuleni kwamba Mkutano wa Berlin ulipomalizika mwaka 1885, serikali ya Ujerumani ikaanza kuitawala Tanganyika. Sivyo. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa, Kaisari alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Mjerumani Carl Peters, aliyekuwa amezunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwasainisha watemi na wazee mikataba ya lugha wasiyoisoma. Bismarck, kansela wa Ujerumani, alitaka makoloni ya bei nafuu: wafanyabiashara watawale, wagharamie wenyewe.

Hesabu hiyo iliharibika Pangani. Agosti 1888 kampuni, iliyokuwa imekodi pwani kwa Sultani wa Zanzibar, ilimtuma wakala wake Emil von Zelewski kupandisha bendera ya kampuni mjini humo. Liwali, mwakilishi wa Sultani, alikataa. Mjerumani akalazimisha kwa askari wa manowari, na inasimuliwa kuwa waliingia hadi msikitini. Pwani ikawaka, Abushiri bin Salim akiwa mbele, Bwana Heri akishika Saadani. Kampuni ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Ndipo serikali ya Ujerumani ilipomtuma afisa wa jeshi Hermann Wissmann na askari wa kukodi, wengi Wasudani. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Serikali ilichukua utawala rasmi tarehe 1 Januari 1891.

Na kampuni haikufa, jambo linalosahaulika zaidi: iliendelea na mashamba na biashara zake, ikiwa imetuliwa mzigo wa vita.