Bwawa, zizi na bustani: maji yaanzie wapi?

Kauli hizi husikika kwa wanaotaka maji yaleyale yahudumie samaki, ng'ombe na mboga; kila moja ina jibu lake.

"Bwawa la samaki litamaliza maji ya mazao." Samaki hawamalizi maji. Yanayopotea huchukuliwa na jua au hupenya ardhini, kwa hiyo swali la kwanza ni udongo: mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri hushika maji, kichanga huvuja kama pakacha. Yanayobaki bado ni ya kumwagilia.

"Maji ya bwawa ni machafu, yataunguza mboga." Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na sehemu kubwa ya naitrojeni ya chakula chao huishia majini. Amonia ikizidi huwaua wao. Bustanini ni mbolea. Ila usidhani umeshamaliza kazi ya kurutubisha: fosforasi nyingi imelala kwenye tope. Chota tope hilo bwawa likikaushwa baada ya kuvuna samaki. Na kama unatumia mipira ya matone, weka chujio, maana mwani utaziba matundu.

"Samadi ikizidi, samaki wataongezeka." Hii ndiyo inayowatia watu hasara kuliko zote. Samadi hustawisha mwani, nao hutoa oksijeni mchana. Usiku mwani wenyewe hupumua, bakteria wanaoozesha samadi nao wanataka hewa hiyohiyo. Alfajiri perege wako juu wanahema, na mwenye bwawa anamshuku jirani kwa sumu! (Kambare huvumilia zaidi kwa sababu huweza kuvuta hewa ya juu.) Zamisha mkono ukiwa umeunyoosha: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, mwani umezidi, acha samadi kwanza.

"Ng'ombe wanywe humo humo." Kwato hubomoa kingo, na kuna mwani wa kijani-buluu wenye sumu inayoweza kuua ng'ombe. Jaza birika lao kwa maji safi kabla hayajaingia bwawani.

"Dawa isiyomdhuru ng'ombe haimdhuru samaki." Dawa nyingi za kupe ni za jamii ya pairethroidi, kama deltamethrini. Ng'ombe huogeshwa nayo akaondoka salama. Samaki hufa kwa kiasi kidogo mno. Maji ya josho yasielekee bwawani kabisa, na bustani inayopuliziwa dawa ikae chini ya bwawa, kamwe si juu yake, kwani mvua haichagui pa kuipeleka.

"Yakishapita kwa samaki yamesafika." Bwawa lililowekwa samadi linaweza kubeba salmonela, bakteria wanaosababisha kuhara. Mboga zinazoliwa mbichi zimwagiliwe shinani, si juu ya majani.