Kumchukua angali mdogo hakumfanyi chotara wa mondo awe paka wa nyumbani

Wiki hii nimeletewa tena swali lilelile. Mtumishi aliyehamia Ilazo, hapa Dodoma, alinionyesha kwenye simu picha ya Savannah, yaani chotara wa paka wa nyumbani na mondo, yule paka wa porini mwenye madoa; ni F2, kizazi cha pili kutoka kwa mondo, anayeuzwa nje ya nchi. Kabla sijafungua mdomo akaniambia: "Daktari, si namchukua angali mdogo? Atazoea tu." Kauli hiyo nimeshaisikia mno. Wanaitoa wanaotaka Savannah, na wanaitoa wanaookota mtoto wa mondo shambani, jambo ambalo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kuzoea watu ni jambo moja, kufugika ni jingine. Mtoto wa paka akishikwashikwa na watu kati ya wiki ya pili na ya saba hukua bila kuwaogopa. Kwa chotara pia inasaidia, sibishi. Lakini kinachopungua ni woga. Kunyunyiza mkojo ukutani, kuwinda, kuruka na kulinda eneo vinakuja na ukomavu, na hakuna chupa ya maziwa inayovizuia. Vinatokea wakati watoto wa nyumba wameshampenda na pesa imeshalipwa. Mondo huruka zaidi ya mita mbili kwenda juu kukamata ndege. Ukuta wa kawaida wa nyumba za Kisasa au Nkuhungu hautamzuia chotara wake wa karibu, na ng'ambo ya ukuta kuna kuku wa jirani.

Sasa hesabu ya F, ambayo ndiyo inayonichosha kuliko yote. Savannah wa kwanza alizaliwa Marekani mwaka 1986, kwa mondo dume na paka jike wa Siam. F1 mzazi wake mmoja ni mondo, F2 ana babu au bibi mondo, na kuendelea. Wauzaji huandika asilimia 50, 25, 12.5, na mnunuzi huzisoma kana kwamba zimepimwa kwenye damu ya paka yule. Hazijapimwa. Ile 25 ni wastani. F1 anapopitisha urithi wake, jeni za mondo na za paka hugawanyika kwa bahati, kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana sana kwa umbo na kwa tabia. Wafugaji wa mkoa huu wanalijua hili vizuri. Ng'ombe wa Mpwapwa alipatikana kwa kuchanganya zebu wa hapa na Red Sindhi na Sahiwal kutoka Asia, kisha kuchagua kizazi baada ya kizazi. Hakuna mfugaji aliyeishia kuhesabu damu.

Kuna baya zaidi. F1 akirudishwa kwa mondo, mtoto ana robo tatu ya damu ya mondo na bado anaandikwa F1, maana mzazi wake mmoja ni mondo. Huyo akizaa na paka wa kawaida, mtoto ni F2 kwenye karatasi, huku wastani wa damu ya mondo ukiwa asilimia 37.5. Kwa hiyo ukiniambia "ni F2 tu", hujaniambia kitu. Nionyeshe ukoo.

Halafu nasikia: "Madume hawazai, hakuna haja ya kuhasi." Ni kweli madume wa vizazi vya mwanzo kwa kawaida hawazai, lakini korodani zao zinatoa homoni kama kawaida, na homoni ndiyo inayosukuma mkojo ukutani. Mhasi. Hata hivyo usiniombe nikuahidi kwamba ataacha kabisa. Kwa paka wa kawaida naahidi kwa moyo mweupe zaidi. Kwa F1 na F2 siahidi.

Chakula nitapita haraka: steki tupu bila kalsiamu humvunja mifupa mtoto wa paka, hata kama anaimaliza sahani.

Kinachoninyima usingizi ni kichaa cha mbwa. Kipo kwetu. Chanjo tunazotumia zimepimwa kwa mbwa na paka wa kufugwa. Chotara wa mondo nitamchanja, kwa chanjo ya virusi vilivyouawa, lakini siwezi kukuandikia kwamba kinga yake ni ya uhakika kama ya paka. Kanuni ya kumtazama mnyama siku 10 baada ya kung'ata nayo imejengwa juu ya mbwa na paka wa kufugwa. Chotara wa karibu akimng'ata mwanao, sitasubiri siku hizo. Nitakwambia uoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na umkimbize mtoto hospitali akaanze sindano siku hiyohiyo. Mwenye watoto wadogo afikirie hapo kabla ya kufikiria madoa mazuri.

Bengal ni chotara wa paka wa nyumbani na paka chui wa Asia; wengi wanaouzwa leo wako mbali sana na huyo wa porini, na hao nawahesabu kuwa paka wenye shughuli nyingi. Savannah wa F5 kwenda mbele, aliyehasiwa, kwenye nyumba isiyo na kuku na yenye mtu anayeshinda nyumbani, naweza kukubali. F1 hadi F3 kwa mtumishi mwenye safari za kikazi kila mwezi, hapana. Na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, unawahesabu chotara wa hadi vizazi vinne kama mondo mwenyewe, kwa hiyo vibali vyake ni vya mnyamapori.

Usiniambie ukimchoka utampeleka porini Chenene. Savannah wa mbali huzaa na paka wa kawaida, na pakapori wetu tayari anachanganyika na paka wa vijijini. Utakuwa umemwongezea damu ya tatu.

Ukitaka nikusomee karatasi kabla hujalipa, njoo na ukoo wa pande zote mbili, kadi ya chanjo, na video ya mama yake akiwa na wageni ndani ya nyumba. Picha ya mtoto mwenyewe baki nayo.