Yanki: lakabu moja, maana nyingi

Yanki ni lakabu ya Wamarekani, lakini ni Mmarekani yupi anayekusudiwa hutegemea mahali alipo msemaji. Kwa Mwingereza au Mwaustralia, kila raia wa Marekani ni Yanki. Kwa mwenyeji wa majimbo ya kusini mwa Marekani, Yanki ni mtu wa kaskazini, na kumwita yeye mwenyewe hivyo kunaweza kumuudhi, kwa kuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 neno hilo lilimtaja adui. Huko kaskazini nako duara hubana zaidi, kwani Yanki halisi ni mtu wa New England, yaani majimbo sita ya kaskazini-mashariki, hasa aliyetokana na walowezi wa kale wa Kiingereza.

Asili ya neno hili imezua mabishano mengi. Wataalamu wengi huelekea kwa Waholanzi, ambao koloni lao la New Netherland, huko Amerika Kaskazini, lilitekwa na Waingereza mwaka 1664. Jan ni jina la kawaida sana miongoni mwao, na Janke, ambalo J yake hutamkwa kama Y, ni namna ya kulidogosha. Wengine hutaja Jan Kees, majina mawili yaliyounganishwa kwa kejeli. Dai lililoenea kwamba wenyeji asilia wa Amerika ndio waliolibuni, kwa kulitamka vibaya jina la Waingereza, halina ushahidi wa kutosha na halistahili kurudiwa kama ukweli.

Maandishi yanaonyesha kwamba mwaka 1758 Jenerali James Wolfe wa Uingereza alilitumia kwa dharau kuwataja askari wa New England waliokuwa chini yake. Wanajeshi wa Uingereza waliwadhihaki walowezi wa makoloni ya Amerika kwa wimbo wa Yankee Doodle, lakini katika vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1775 waliodhihakiwa waliuchukua wakauimba kwa fahari, na tangu mwaka 1978 ndio wimbo rasmi wa jimbo la Connecticut.

Dharau hiyo haikufutika kila mahali. Katika Amerika ya Kilatini, yanqui mara nyingi hubeba hasira dhidi ya serikali ya Marekani kuingilia mambo ya majirani zake. Huko Japani neno hili limejitenga kabisa na uraia: yankii ni kijana mkorofi wa Kijapani, ambaye aghalabu hutambulikana kwa nywele alizozibadilisha rangi.