Namba ndani ya mkoba si uthibitisho wa orijino

Kwenye magrupu ya Arusha na Moshi kuna ujumbe usioisha: mkoba wa mtumba ukiwa na namba iliyogongwa ndani, basi ni orijino kutoka Ufaransa au Italia. Si kweli, na watu wanapoteza hela.

Kwa baadhi ya nyumba za mitindo ya kifahari, namba hiyo huonyesha tu mkoba umeshonwa wapi na lini. Mikoba halali ya wiki moja huweza kuwa na namba ileile. Na anayeiga ngozi na nembo hashindwi kuiga tarakimu.

Ukiwa pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, geuza mkoba ndani nje. Tazama mishono: imenyooka, imeachana sawa? Zipu inateleza? Namba ikisoma 2009 kwenye mtindo uliotoka 2015, ni bandia. Risiti ya duka la mtengenezaji husaidia, ingawa nayo huigwa.

Tunachanganyikiwa kwa sababu simu tunaihakiki kwa namba yake ya utambulisho (IMEI), tukadhani mkoba nao ni hivyo hivyo. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwambie aliyekutumia, kwa upole.